Mizunguko 25 ya barafu: Sven Kramer na dhahabu iliyopotelea kwenye koni

Aliyezoea kutazama riadha hahitaji maelezo mengi kuhusu mbio za mita 10,000 za kuteleza barafuni kwa viatu vya wembe, maana hesabu ni ileile: uwanja wa mita 400, mizunguko 25. Joshua Cheptegei wa Uganda alipoweka rekodi ya dunia Valencia mwaka 2020 kwa dakika 26:11.00, kila mzunguko ulimchukua wastani wa sekunde 62.8. Sven Kramer wa Uholanzi, Machi 2007 mjini Salt Lake City, aliteleza umbali huohuo kwa 12:41.69, yaani sekunde 30.47 kwa mzunguko. Wangeanza pamoja, Kramer angekuwa amemaliza na anafungua kamba za viatu wakati Cheptegei hajafika nusu ya safari.

Kramer alizaliwa Aprili 1986 Heerenveen, mji wa Friesland wenye uwanja wa Thialf, na baba yake, Yep, alikuwa mtelezaji kabla yake. Alitwaa ubingwa wa dunia wa jumla mara 9. Ubingwa huo hupatikana kwa kuteleza mbio nne (500, 5,000, 1,500 na 10,000) katika mashindano yaleyale, na matokeo yote kujumlishwa kuwa pointi. Kwenye Olimpiki alichukua medali 9, zikiwemo dhahabu tatu mfululizo za mita 5,000: Vancouver 2010, Sochi 2014 na Pyeongchang 2018. Dhahabu ya mita 10,000, mbio aliyoshikilia rekodi yake ya dunia kwa zaidi ya miaka minane, hakuipata hata mara moja. Anayetaka kuujua mchezo huu kwa undani aanze na pengo hilo, si na zile dhahabu.

Tuanze na njia. Mbio hizi huenda wawiliwawili. Kuna njia mbili za mashindano, ya ndani na ya nje, kila moja ina upana wa mita 4 hivi. Anayepita nje kwenye kona anazunguka duara kubwa zaidi: mita 4 mara pai, unapata karibu mita 12 na nusu za ziada kwa kila kona. Ili asionewe mtu, wawili hao hubadilishana njia mara moja kila mzunguko, kwenye upande ulionyooka ulio mkabala na ule wa kumalizia. Aliye ndani anatoka nje, aliye nje anaingia ndani. Wakifika pale kwa wakati mmoja, anayetoka njia ya nje ndiye mwenye haki ya kupita. Aliye ndani anampisha, na akisababisha mgongano anaondolewa yeye. Aliyeanza ndani huvaa kitambaa cheupe mkononi, aliyeanza nje chekundu.

Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Lakini angalia mpangilio wake: kona ni mbili, kupishana ni kumoja. Kwa hiyo baada ya kupishana unabaki kwenye njia uliyoingia kwa kona mbili mfululizo, ile inayokurudisha upande wa kumalizia na ile inayofuata, ndipo unabadili tena. Nje, nje, ndani, ndani. Mwili uliochoka haukumbuki kama hii ni kona ya kwanza ya nje au ya pili, kwa sababu zote mbili zina hisia moja: mguu wa kulia unavuka juu ya wa kushoto, uzito wote umeegemea kushoto, mapaja yanaungua. Anayetegemea hisia atakosea siku moja. Dawa yake ni kanuni fupi inayotakiwa kusemwa kichwani kila unapopita mstari wa kumalizia: njia niliyo nayo hapa, naimaliza nayo kona inayofuata, kisha naiacha.

Tarehe 23 Februari 2010, Richmond, pembeni mwa Vancouver. Jozi ya mwisho ya mita 10,000: Kramer na Ivan Skobrev wa Urusi. Lee Seung-hoon wa Korea Kusini ameshateleza na muda wake, 12:58.55, unasubiri kuvunjwa. Kramer yuko mbele ya muda huo na Skobrev amebaki nyuma. Kocha wake, Gerard Kemkers, ambaye mwenyewe alipata shaba ya mita 5,000 Calgary mwaka 1988, amesimama upande wa kupishana na ubao mkononi. Imebaki mizunguko 8. Kocha ameinama kuandika muda wa mzunguko. Anapoinua macho anamwona mchezaji wake akielekea njia ya nje na anaamini amekosea. Anapaza sauti, anamwonyesha ndani. Kramer alikuwa sahihi. Anasita nukta moja, na mbele ya koni inayotenganisha njia mbili anajitupa kushoto, anaingia ndani kwa mara nyingine.

Alimaliza kwa 12:54.50, sekunde 4.05 mbele ya Lee, akidhani ameshinda. Kocha alipomfikia na kumweleza kwamba ameondolewa kwa kupita njia isiyo yake, miwani ikarushwa.

Watu wengi hujiuliza faida aliyopata ilikuwa kiasi gani. Kona moja ya ndani badala ya nje ni zile mita 12 na nusu, na kwa kasi yake ya mita 13 hivi kwa sekunde, ni kama sekunde moja tu. Ukimwongezea sekunde hiyo bado anashinda kwa tatu. Kanuni haiangalii hilo. Inaangalia kama umepita njia uliyopaswa kupita. Kosa hili halina adhabu ya kuongezewa muda, na kwa maoni yetu ni sawa, kwa kuwa aliye upande wa pili ana haki ya kuikuta njia yake tupu.

Lawama zilimwangukia kocha. Kemkers alikiri kosa na Kramer akabaki naye, na miaka minne baadaye walishinda tena 5,000 pamoja. Kinachomhusu mtu anayefundisha ni kilichosababisha lile kosa, nacho ni mtu mmoja kubeba kazi tatu ndani ya nusu dakika. Kocha wa masafa marefu anapima mzunguko kwa saa, anaandika muda ubaoni pamoja na mizunguko iliyobaki, kisha anainua ubao mchezaji akiwa anakuja kwa kasi ya kilomita 46 kwa saa. Ukimwongezea na ya nne, kukagua njia, ipo siku atakagua kwa kukisia. Gawanya kazi: muda na idadi ya mizunguko ni vya kocha, njia ni ya mchezaji. Msaidizi akiwepo, yeye ndiye ashike saa ili macho ya kocha yasiteremke. Zaidi ya yote, aliyekwisha kuelekeza uso kwenye koni asipewe amri mpya. Kama amekosea, ameshakosea. Kama yuko sahihi, sauti yako ndiyo itakayomwangusha.

Mpinzani naye ni kumbukumbu, kwa masharti. Mkiwa bega kwa bega, yeye kuwa ndani ni ushahidi kwamba wewe uko nje. Mkiachana kwa nusu uwanja, kama ilivyokuwa kwa Skobrev siku ile, ushahidi huo unatoweka, na ndiyo sababu anayeongoza kwa mbali anaweza kukosea njia kirahisi kuliko anayebanwa.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa alama za uwanjani kumponza Kramer. Olimpiki ya Turin 2006, akiwa na miaka 19, alikuwa kwenye timu ya Uholanzi ya mbio za kufukuzana. Humo wanateleza watatu kwa mstari, mizunguko 8 kwa wanaume, na muda unaohesabiwa ni wa yule wa tatu kuvuka. Katika nusu fainali dhidi ya Italia, Kramer alikanyaga kibonge kimojawapo cha vile vidogo vinavyowekwa juu ya mstari wa kona, akaanguka na kumwangusha Carl Verheijen. Wakaishia shaba. Anayemfuata mwenzake huangalia mgongo ulio mbele yake, haoni mstari. Na kwa kuwa kila mmoja anataka kupita karibu kabisa na ndani, wa pili na wa tatu husogea kushoto sentimita chache kuliko aliyeongoza. Wembe ukikuta plastiki badala ya barafu hautelezi hata kidogo. Mguu unasimama, mwili unaendelea kwa kasi inayozidi kilomita 50 kwa saa. Kwenye mbio za timu ni heri kuacha nusu mita kutoka kwenye mstari na kupoteza hicho kidogo.

Sasa viatu. Kiatu cha kisasa cha masafa marefu kina wembe wa chuma wenye urefu wa sentimita 40 hivi na unene wa milimita 1 na ushei. Kisigino hakijafungwa kwenye wembe. Mbele, chini ya sehemu pana ya wayo, kuna bawaba yenye springi: mguu unapomalizia kusukuma, kisigino kinanyanyuka huku wembe ukibaki barafuni, kisha springi inaurudisha na kutoa ule mlio wa “klap” uliokipa kiatu jina. Wazo lilifanyiwa kazi Chuo Kikuu cha Vrije mjini Amsterdam miaka ya 1980 na Gerrit Jan van Ingen Schenau na wenzake, likatengenezwa na kiwanda cha Viking. Likapuuzwa miaka kumi. Vijana wa Uholanzi Kusini walikijaribu msimu wa 1994/95 na muda wao ukashuka kiasi cha kushangaza, wanawake wakafuata, na ilipofika Olimpiki ya Nagano 1998 asiyekuwa nacho alikuwa anajisumbua. Kwenye kiatu cha zamani, ukinyoosha kifundo cha mguu, ncha ya wembe inachimba barafu na kukuwekea breki. Ilibidi mtu ajizuie kusukuma hadi mwisho. Bawaba iliondoa kizuizi hicho.

Wembe si bapa kabisa. Umechongwa kwa mviringo mpana sana, nusu kipenyo cha mita 22 hadi 25 kwa masafa marefu. Fanya hesabu kwa wembe wa sentimita 40: tofauti kati ya katikati na ncha haifiki hata milimita 1. Juu ya hapo umepindwa kidogo sana kushoto, kwa sababu kona zote ni za kushoto. Jicho halioni vitu hivi, vinapimwa kwa geji, na mtu mwenye mkono mzito na kinoo anaweza kuviharibu kwa jioni chache.

Kunoa kunafanywa kwa mkono. Viatu vyote viwili vinafungwa kichwa chini kwenye fremu, nyembe zikitazama juu na zikiwa sawa kwa kimo. Zisipokuwa sawa, kinoo kitakula upande mmoja na makali yatatoka ya mshazari. Pitisha kinoo kikubwa juu ya nyembe zote mbili kwa pamoja, kikiwa kimelala bapa, mkono ukienda kwa mshazari kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukandamiza. Usikae katikati. Ukisugua katikati zaidi unaua ule mviringo, wembe unakuwa bapa, na kwenye kona utajisikia kama unalazimisha mkokoteni kupinda. Makali yakitoka, chuma kidogo kinakuwa kimejikunja pembeni kama ukucha. Hicho kinaondolewa kwa kijiwe kidogo laini kinachopitishwa ubavuni, kikiwa bapa kabisa. Ukikiinamisha hata digrii chache umeyala makali uliyotoka kuyatafuta. Kipimo ni ukucha wa kidole gumba: uvute kwa wepesi kwenye ukingo, ukikwaruza unga mwembamba pande zote mbili, tayari. Upande mmoja ukiteleza, rudi kwenye kinoo. Baada ya hapo usikanyage sakafu ya saruji bila kuvisha nyembe kinga zake. Chembe moja ya mchanga inaacha pengo linalokula jioni nzima ya kazi.

Kwa nini utaabike hivyo? Pyeongchang 2018, mita 5,000. Kramer alishinda kwa 6:09.76. Nyuma yake, Ted-Jan Bloemen wa Kanada na Sverre Lunde Pedersen wa Norwei walitenganishwa na sekunde 0.002, Bloemen akichukua fedha. Kwa kasi ile, ni kama sentimita 3 baada ya kilomita 5. Ndiyo sababu pia kila mtelezaji hurusha mguu mmoja mbele anapomaliza: kinachosimamisha saa ni ncha ya wembe kufika mstarini, kifua hakihesabiwi kama kwenye riadha.

Ufundi uliomtofautisha Kramer ulikuwa usawa wa mizunguko. Upinzani mkubwa barafuni ni hewa, msuguano wa chuma na barafu ni sehemu ndogo tu. Ndiyo maana mtelezaji hukaa chini kama anayetaka kuketi kwenye kigoda, mgongo umelala, mikono miwili mgongoni anapokuwa upande ulionyooka. Mkao huo unapunguza hewa na kuongeza urefu wa msukumo. Bei yake ni kubwa: mapaja yamebana muda wote na damu haipiti vizuri, misuli inachoka mapema kuliko mapafu. Mkimbiaji anayechoka hupumua kwa nguvu na kufupisha hatua. Mtelezaji anayechoka huinuka. Goti linafunguka kidogo, mgongo unapanda, hewa inaongezeka, msukumo unafupika, na ili kulinda kasi anaongeza idadi ya misukumo, jambo linalomchosha upesi zaidi. Ukitazama mbio, usiangalie uso wake. Angalia makalio: yakianza kupanda, mizunguko miwili baadaye utaona namba zikipanda ubaoni.

Ukiwa na ubao wenye muda wa kila mzunguko, unaiona hadithi nzima. Kwenye 5,000, mita 200 za kwanza ni za kujitoa kutoka kusimama, kisha mizunguko 12. Rekodi ya Kramer ya Novemba 2007 mjini Calgary, 6:03.32, inamaanisha mizunguko hiyo 12 ilikuwa karibu na sekunde 28.7 kila mmoja. Mtelezaji asiye na uzoefu hufungua kwa 28, akafurahi, kisha akamaliza na 31. Mpango mzuri huanza polepole kidogo kuliko mwili unavyotaka na kuruhusu kupanda kwa sehemu za kumi tu. Sochi 2014 ilionyesha kwamba hata bingwa anaweza kuzidiwa kwa silaha yake mwenyewe. Jorrit Bergsma aliteleza 10,000 kwa 12:44.45, Kramer akafuata na 12:49.02. Sekunde 4.57, karibu kama zile za Vancouver, safari hii bila koni ya kulaumiwa.

Msomaji wa Kenya atakuwa amegundua kwamba rekodi nyingi zinatajwa Calgary na Salt Lake City. Viwanja hivyo viko juu, kama mita 1,050 na 1,425 kutoka usawa wa bahari. Hapa mantiki inageuka kinyume na ile ya Iten. Mkimbiaji hupanda Iten, mita 2,400, kufanya mazoezi, kisha anashuka Berlin au Valencia kukimbia, kwa kuwa kwenye hewa nyembamba oksijeni haitoshi. Mtelezaji hupanda ili ashindane: oksijeni anaikosa vilevile, lakini kwa kasi ya kilomita 46 kwa saa, wepesi wa hewa unamlipa zaidi ya anachonyang’anywa. Kwa hiyo usilinganishe muda wa Heerenveen na wa Salt Lake City kana kwamba ni uwanja mmoja. Richmond na Sochi ziko karibu na usawa wa bahari, na muda wa Olimpiki zile usomwe hivyo.

Baada ya Vancouver, mguu ukamgomea. Msimu wote wa 2010/11 Kramer hakushindana kwa sababu ya tatizo la neva pajani. Aliposhindwa kupata nguvu kamili ya kusukuma, hakujikongoja kwenye mashindano madogo ili aonekane. Alikaa nje hadi mwisho. Ni uamuzi mgumu Uholanzi, ambako wanaosubiri nafasi yako ni wengi na mchujo wa Olimpiki unaogopwa kuliko Olimpiki yenyewe. Februari 2012 mjini Moscow akawa bingwa wa dunia wa jumla tena, na kati ya 2012 na 2017 alikosa taji hilo mwaka mmoja tu. Mgongo ndio uliomsumbua miaka ya mwisho, na mkao wa kulaza mgongo kwa miaka ishirini haumsahau mtu.

Kwa anayeuliza kama kuna mlango wa kuingilia kutoka kwetu, mlango uliopo ni magurudumu. Erin Jackson wa Florida alikulia kwenye viatu vya magurudumu vya mstari mmoja na mwaka 2022 akachukua dhahabu ya mita 500 Beijing. Vijana wanaoteleza kwenye lami ya Nairobi tayari wanajua kusukuma kwa ubavu na kuvuka mguu kwenye kona. Watakachokosa ni ule mkao wa chini, maana gurudumu linamsamehe aliyesimama wima, barafu haimsamehe.

Kramer aliteleza mita 10,000 za Olimpiki kwa mara ya mwisho 2018 na kumaliza wa sita, zikishindwa na Bloemen kwa 12:39.77. Aliachana na mashindano mwaka 2022. Majira hayohayo ya baridi, Beijing, Nils van der Poel wa Uswidi aliteleza 12:30.74, na ukigawa unapata sekunde 30.03 kwa mzunguko. Kutoka 30.47 ya Kramer mwaka 2007 hadi hapo, miaka 15 ilikuwa imepunguza chini ya nusu sekunde.